Mchore Angali Mbichi

Anayekwenda kununua samaki Feri, Dar es Salaam, au Mwaloni kule Kirumba, Mwanza, haamini maneno ya muuzaji. Anainua shavu la samaki aone kama ndani bado ni pekundu, anambonyeza ubavu, kisha anamtazama jicho: linang'aa au limeingia ukungu? Rangi ndiyo saa yake. Hakuna aliyemfundisha darasani kwamba samaki huanza kupauka mara tu anapotoka majini, soko limemfundisha. Ujuzi huo mdogo wa sokoni unatosha kabisa kuielewa aina moja ya picha za kale ambayo siku hizi huonekana zaidi kwenye kuta za hoteli, kalenda na vikombe vya chai kuliko mahali ilikozaliwa: picha ya samaki wa maji baridi, mara nyingi trauti au salmoni, iliyochorwa na mtaalamu wa viumbe wa karne ya 18 au ya 19.

Picha hizo zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Samaki amelazwa ubavu, kichwa kushoto, mdomo umefumbwa, mapezi yametandazwa yote kama vile anaogelea. Lakini maji hayapo. Hakuna mwamba, hakuna majani, hakuna kivuli wala mshipi unaomvuta. Ni karatasi nyeupe tu na chini yake jina la Kilatini. Mtu asiyezizoea huona ni kazi baridi, ya kunakili, isiyo na hadithi. Mwingine huziona nzuri, akaishia hapo. Wote wawili wanazipunja. Picha ya namna hii haikuchorwa iwe pambo, ingawa inapamba. Ni ushahidi, na ushahidi una kipimo chake: shahidi alikuwa wapi, aliona nini kwa macho yake, na ilipita muda gani kabla hajasema. Kwa samaki, muda huo huhesabiwa kwa dakika.

Aliyelielewa jambo hili kuliko wengi ni mwanamke mmoja wa Uingereza, Sarah Bowdich, aliyezaliwa Colchester mwaka 1791. Maisha yake hayakuanzia kwenye vijito vya Uingereza. Mwaka 1816 alisafiri hadi Cape Coast, katika nchi ambayo leo ni Ghana, kumfuata mumewe Thomas Edward Bowdich, ambaye mwaka uliofuata alikwenda Kumasi na ujumbe wa Waingereza kwa Asantehene, mfalme wa Waashanti. Baadaye mume na mke walihamia Paris na kusoma kwa Georges Cuvier, bingwa wa maumbile ya wanyama wa zama zile. Mwaka 1822 wakaondoka tena kuelekea Afrika, wakipitia Madeira. Januari 1824 Thomas alifariki dunia Gambia, akamwachia mkewe watoto watatu na deni la kazi ambazo hazijakamilika. Mjane huyo alirudi kwao akaanza kuishi kwa kalamu na brashi. Kwa hiyo tunapomkuta mwaka 1828 anaanza kutoa kitabu chake cha samaki wa maji baridi wa Uingereza, hatumkuti bibi wa sebuleni anayepoteza saa za mchana kwa kupaka rangi. Tunamkuta mtu aliyefunzwa kutazama viumbe na mwalimu mkali, na aliyekwisha kuona kwa macho yake jinsi joto la tropiki linavyomharibu samaki kabla mchoraji hajapata kiti.

Ahadi aliyowapa wasomaji wake ilikuwa moja tu, lakini nzito. Kila samaki atachorwa akiwa hai, papo hapo anapotolewa katika maji yake, ili kivuli chochote cha rangi kisipotee. Fikiri maana yake kwa vitendo. Huwezi kukaa London ukasubiri samaki waletwe kwenye kapu la barafu. Ni lazima ufuate mto, upatane na mvuvi, ukae ukingoni ukiwa na karatasi imekwisha kunyooshwa na rangi zimekwisha kulowekwa, kisha samaki anapotua uanze na kile kitakachoondoka kwanza. Umbo la kichwa linaweza kusubiri. Idadi ya miiba ya pezi unaweza kuihesabu jioni. Wekundu wa doa la ubavuni hausubiri.

Halafu kuna suala la nakala. Wenzake walikuwa wakichonga mchoro kwenye shaba au kuuchora kwenye jiwe, wakachapa, kisha kundi la wapakaji likajaza rangi kwa kufuata kielelezo; kazi ya kiwandani, kila mmoja na rangi yake. Yeye alikataa njia hiyo. Kitabu kilitoka kwa nakala 50 tu, kwa watu waliojiandikisha na kulipa, na kila picha katika kila nakala ilichorwa kwa mkono wake. Picha zenyewe ni zaidi ya 40. Zidisha kwa 50: ni zaidi ya samaki 2,000 wa rangi ya maji, na kazi ikamla miaka kumi, hadi 1838. Mahali ambapo rangi ya kawaida haikutosha kuonyesha mng'ao wa magamba, alitumia dhahabu na fedha. Mtu anaweza kusema, na atakuwa na haki, kwamba samaki wa nakala ya 50 hakuchorwa tena kando ya mto bali mezani, kwa kunakili ule wa kwanza. Ni kweli. Lakini aliyenakili ni yule yule aliyekuwapo. Mahakamani tofauti hiyo inajulikana vizuri: shahidi anayerudia maneno yake mwenyewe mara hamsini si sawa na watu hamsini wanaorudia walichosikia kwake.

Kwa nini haraka yote hiyo? Rangi ya samaki si rangi ya nguo. Sehemu kubwa yake ni kitu kinachotendeka, si kitu kilichopakwa. Ndani ya ngozi kuna chembe zilizojaa vipunje vya rangi nyeusi, nazo ziko chini ya amri ya mishipa ya fahamu na homoni: vipunje vikitawanyika samaki anakuwa mweusi, vikikusanyika katikati anapauka. Samaki aliyeshtuka, anayepigana na ndoano, anayekosa hewa, tayari anabadilika mbele ya macho yako. Wekundu na umanjano hutokana zaidi na karotenoidi, ambazo samaki hawezi kuzitengeneza. Anazipata kwa kula vijidudu na jamii ya kamba wadogo wa mtoni. Na ule mng'ao wa fedha si rangi hata kidogo, bali ni fuwele nyembamba za guanini zilizopangwa kama vioo na kurudisha mwanga. Kifo kinapoingia, amri za mishipa ya fahamu hukatika, ngozi hukauka, ute huganda, vioo hupoteza mpangilio wake. Mtie samaki huyo katika chupa ya spiriti kwa ajili ya makumbusho na karotenoidi zitayeyukia humo humo, kwa sababu ni vitu vinavyoyeyuka katika mafuta na pombe. Formalini nayo huhifadhi mwili, haihifadhi wekundu. Baada ya miaka kadhaa, samaki wote wa rafu moja wanakuwa wa ukoo mmoja: kahawia, kijivu, njano ya chai iliyochacha.

Mtazame trauti wa mto kwa karibu uone kilicho hatarini. Mgongo ni wa kijani cha zeituni kinachoelekea kahawia. Ukishuka ubavuni, kahawia hiyo inageuka dhahabu, na karibu na tumbo inakuwa siagi. Madoa meusi yametawanyika juu. Katikati ya ubavu yanachanganyika na madoa mekundu, na doa jekundu moja moja limezungukwa na duara hafifu lililopauka, kama tone la rangi juu ya karatasi yenye unyevu. Nyuma kabisa, kabla ya mkia, kuna pezi dogo la nyama lisilo na miiba, ambalo mara nyingi nchani mwake lina wekundu. Duara lile lililopauka ni rahisi kupotea. Chupa haina habari nalo. Mizani haiwezi kulipima, na maelezo ya Kilatini yataliita jina moja tu, lisilomsaidia mtu ambaye hajawahi kuliona. Brashi peke yake, kabla ya kuja picha za kamera za rangi, ndiyo iliyoweza kulichukua kutoka mtoni na kulifikisha kwa msomaji aliye mbali.

Weka kazi hii kando ya ile ya Marcus Elieser Bloch, daktari wa Berlin ambaye kati ya 1782 na 1795 alitoa mabuku 12 yenye picha 432 za samaki. Ni kazi kubwa kuliko ya Bowdich kwa kila hesabu. Watu wa fani hii wanamheshimu hadi leo, na sehemu ya mkusanyo wake wa samaki bado imo katika makumbusho ya Berlin. Naye pia alitumia fedha halisi kwenye magamba. (Fedha hiyo, katika nakala nyingi, imeshika weusi kwa miaka mingi ya hewa, hivyo samaki aliyetakiwa ang'ae sasa anaonekana amepitishwa moshini.) Bloch alikuwa na bahati na samaki wa Ujerumani, aliowapata wabichi. Wa mbali, kama wale waliotumwa na mmisionari kutoka Tranquebar, India, walimfikia wakiwa wamekwisha kufa miezi mingi. Hapo mchoraji wake hakuwa na la kufanya ila kukisia. Kwa hiyo ndani ya kitabu kimoja, kwa ustadi ule ule na karatasi ile ile, kuna picha unazoweza kuziamini na nyingine ambazo rangi zake ni hadithi. Uzuri hautakwambia ipi ni ipi. Lazima uulize samaki alisafiri siku ngapi.

Hapa ndipo mtu mwenye mashaka atauliza kwa nini basi hawa wachoraji walishughulika mno na trauti na salmoni, na si na vidagaa wasio na jina. Jibu la haraka ni pesa, na tusilikwepe. Trauti alikuwa samaki wa mabwana. Haki ya kumvua katika vijito vingi vya Uingereza ilikuwa ya mwenye ardhi, na aliyeshika ufito na mshipi hakwenda kutafuta kitoweo bali burudani. Vitabu vya gharama vilinunuliwa na watu wa aina hiyo. Mwaka 1879 mchungaji William Houghton alipotoa kitabu chake cha samaki wa maji baridi wa Uingereza, picha zake 41 za rangi zilichorwa na Alexander Francis Lydon na kuchapwa na Benjamin Fawcett katika mji mdogo wa Driffield, Yorkshire, kwa vibao vya mbao, kila rangi na kibao chake, hadi samaki akatimia. Ni kitabu kinachotegemea mfuko wa mvuvi wa burudani. Ng'ambo ya bahari mambo yalikuwa hayo hayo, ila mlipaji alikuwa serikali: tume ya uvuvi, wanyamapori na misitu ya jimbo la New York ilimpa kazi Sherman Foote Denton, na kuanzia miaka ya 1890 ripoti za mwaka za tume hiyo zikawa zinatoka na samaki wake wa rangi waliochapwa kwa mawe. Ripoti ya serikali, hebu fikiria, ambayo watu waliichana kurasa ili wazitie kwenye fremu.

Basi, mwenye mashaka atasema, picha hizi ni majivuno ya matajiri. Mchoraji alimpendezesha samaki kama mpiga picha wa harusi anavyompendezesha bwana harusi. Hoja hii ina nguvu, lakini inasahau mnunuzi mwenyewe alikuwa nani. Mvuvi wa mshipi ndiye mtu pekee, mbali na mchoraji, aliyekuwa akimwona trauti akiwa hai mkononi, mwenye maji, jua likimpiga. Profesa wa makumbusho alimjua wa chupani. Mpishi alimjua wa kapuni. Mvuvi alijua kama doa jekundu limezidi au limepungua, na alikuwa amelipa fedha nyingi, na watu waliolipa fedha nyingi hawakosi maneno. Soko hilo la mabwana, pamoja na ubaguzi wake wote, liliwaweka wachoraji chini ya macho ya mashahidi wengine. Denton mwenyewe alikuwa mtu wa mikono: mbali na brashi, alibuni namna ya kuhifadhi ngozi za samaki ili zibaki na rangi, kwa kuwa aliudhika na mizoga iliyokaushwa ikapakwa rangi ya mlango. Ukimtazama trauti wa kijitoni wa Marekani, ambaye kwa kweli ni wa jenasi nyingine, utaona kwa nini alihangaika: mgongoni ana mistari iliyopinda kama njia za minyoo, ubavuni madoa mekundu yenye duara la buluu, na mapezi ya chini yana ukingo mweupe uliofuatiwa na mstari mweusi. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kusomwa vizuri katika chupa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wataalamu. Wanasema samaki wa kwenye picha hizi hayupo. Mchoraji amechukua mapezi mazuri ya huyu, mkia usiochanika wa yule, akatunga samaki kamili ambaye hakuna mto uliowahi kumzaa. Tena trauti ni kigeugeu. Katika kijito chenye kivuli na matope ni mweusi. Juu ya changarawe nyeupe ni wa dhahabu. Katika ziwa kubwa ni wa fedha. Mchore mmoja useme huyu ndiye trauti, na umewadanganya watu wa mito mingine yote. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1866 Albert Günther wa makumbusho ya Uingereza, katika orodha yake kubwa ya samaki, aliwagawa trauti wa visiwa vya Uingereza katika spishi kama kumi. Mmojawapo alikuwa trauti wa Loch Leven, ziwa la Uskoti, mwenye mwili wa fedha na madoa meusi, aliyeitwa Salmo levenensis. Wachoraji wakamchora hivyo, wa fedha, kando ya ndugu yake wa kahawia, na kurasa hizo mbili zikionekana pamoja kila mtu angeapa kwamba ni samaki wawili tofauti. Kisha mwaka 1887 Francis Day, daktari wa jeshi aliyestaafu kutoka India, akatoa kitabu chake cha jamii ya salmoni wa Uingereza na Ireland akieleza kwamba hawa wote ni spishi moja inayobadilika kulingana na maji na chakula. Leo karibu kila mtu anakubali kwamba Day alikuwa upande wa haki.

Sasa nani alikosea? Aliyechora fedha hakukosea. Samaki wa Loch Leven alikuwa wa fedha kweli. Kosa lilikuwa la aliyeisoma picha, akadhani tofauti ya koti ni tofauti ya ukoo. Na ni kwa sababu mchoro ulikuwa mwaminifu kwa samaki mmoja wa mahali pamoja ndiyo maana mjadala ukawezekana; kama wote wangechorwa kwa kukisia, wa kahawia yule yule, Day asingekuwa na cha kujibu. Kisa hiki kina mkia wake huku kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi mashuhuri wa Kenya, alileta mayai ya trauti wa Loch Leven, na samaki wakapandwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Walowezi walitaka kijito cha kwao kiwafuate Ikweta, na walijua ni samaki gani wanayemtaka. Kitabu cha samaki wa Kenya leo hakimwiti tena levenensis. Ni Salmo trutta tu, kama wa kila mahali.

Lakini kuhusu ule utungaji wa samaki kamili, wakosoaji wamepata nusu ya ukweli. Mchoraji wa viumbe hutunga, ndiyo. Anauunga mkia uliochanika kwa sababu mchaniko ni habari ya wavu, si habari ya trauti. Anayafungua mapezi ambayo samaki aliyelala mezani huyafumba. Anauondoa mmweko wa jua juu ya ngozi yenye maji kwa sababu unaficha madoa matano. Kila uamuzi kati ya hayo ni maelezo: huyu ndiye, hili ni lake, lile lilimpata tu. Anayejua vizuri anaamua vizuri, na asiyejua anaharibu. Ndiyo sababu kipimo cha mahali na muda nilichokitaja mwanzo hakitoshi peke yake. Ni lazima pia tujue shahidi alielewa alichokuwa anakitazama. Sarah Bowdich alikuwa na uelewa huo pia, kwa sababu ya ile miaka ya Paris.

Limebaki la kamera, ambalo kila mtu hulitoa likiwa la mwisho kana kwamba ndilo linalofunga kesi. Kamera ya rangi ya kutegemewa haikuwafikia watu wengi kabla ya miaka ya 1930, kwa hiyo kwa samaki wa karne mbili zilizotangulia hoja hii haina kazi. Kwa samaki wa leo nakubali bila kinyongo: mtafiti mwenye tangi dogo la kioo, maji safi na taa nzuri, anayemtia samaki humo akiwa hai na kumpiga picha, anapata ushahidi wa samaki yule mmoja ulio bora kuliko wa brashi yoyote. Lakini angalia alichokifanya. Amekwenda kwenye maji, amekuwa tayari kabla, amewahi dakika. Ni kazi ya Bowdich kwa chombo kingine. Aliyepiga picha ya samaki yule yule saa nne baadaye, kwenye ubao wa soko, ana kamera nzuri na ushahidi mbovu. Na vitabu vingi vya kumtambulisha samaki bado vinatumia michoro, kwa sababu ile ile ya mmweko na mkia uliochanika.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi mahali ambapo mchoraji wa namna hiyo hakuwapo kwa wakati. Kati ya 1909 na 1916 George Albert Boulenger, pale London, alitoa mabuku manne ya orodha ya samaki wa maji baridi wa Afrika. Ni hazina, hata leo mtu wa fani haachi kuyafungua. Lakini michoro yake ni ya wino mweusi, na ilichorwa kutoka kwa samaki waliofika Uingereza ndani ya spiriti. Magamba yamehesabiwa, meno yamehesabiwa, taya zimepimwa. Rangi haipo, na hakuna wa kulaumiwa. Aliyeishika kalamu hakuwa na mto dirishani.

Kwa samaki wengi pengo hilo linavumilika. Kwa furu wa Ziwa Victoria halikuvumilika. Hawa ni samaki wadogo ambao watu wa kando ya ziwa hawakuwahesabia thamani kubwa, na maumbo yao yanafanana mno hivi kwamba spishi mbili jirani, zikishatiwa chupani, zinaweza kumshinda hata mtaalamu. Wao wenyewe hawachanganyikiwi, kwa sababu jike humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 watafiti walionyesha katika jarida la Science kwamba maji ya ziwa yanapochafuka na mwanga kupungua, rangi hazionekani vizuri, madume hufifia, na spishi zilizokuwa zimejitenga huanza kuzaliana. Rangi kwao si koti, ni mpaka wa ukoo. Kinyume kabisa cha trauti wa Loch Leven. Basi sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuongezeka ghafla katika miaka ya 1980, alipowala furu kwa wingi, spishi zinazokadiriwa kufika mia mbili zilitoweka au kukaribia kutoweka, nyingine kabla hata ya kupewa jina. Kikundi cha watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, kilikuwa kimeanza kazi Mwanza mwaka 1977, kikakuta kina muda wa miaka michache tu, si karne mbili, kuandika na kupiga picha walichokiona kabla maji hayajabadilika.

Mmoja aliyewahiwa anaitwa nyererei. Frans Witte na mwenzake walimweleza mwaka 1985 kutoka Ghuba ya Mwanza, wakampa jina la Mwalimu Julius Nyerere, na baadaye akawekwa katika jenasi ambayo wanasayansi waliipa jina la Kiswahili kitupu: Pundamilia. Dume wake ana milia myeusi ubavuni na wekundu mkali unaoshuka kutoka mgongoni. Ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ana milia ile ile, lakini koti lake ni la kijivu cha buluu, naye hupenda kukaa juu zaidi, mahali ambapo mwanga wa buluu bado unafika. Nyererei hushuka chini kidogo, kwenye mwanga mwekundu. Mtu aliyeinama juu ya mtumbwi penye maji maangavu anaweza kuwatofautisha kwa mtazamo mmoja. Makumbushoni, katika chupa mbili zilizo kando kando, ni samaki wawili wa kahawia wenye milia, na kinachowatenganisha ni karatasi iliyofungwa kwa uzi.